Mafuta Mekundu

Yuko pale pale mlipomwacha Jumamosi: amelala chali chini ya gari la marehemu, spana mkononi, na mafuta ya gia boksi yanamiminika kwenye beseni kando ya sikio lake.

Mafuta mekundu.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Huyu tunayemwita Fundi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na gereji hii aliianzisha baba yake. Gari lililo juu yake ni lile ambalo mpima ardhi alifia ndani yake wiki tano zilizopita, alipokuwa akilipita lori kwenye kilima cha machimbo. Mkewe, ambaye ni mkunga, alitolewa hai, mkono umevunjika mara mbili. Yeye ndiye aliyelipa gari livutwe mpaka hapa, na ombi lake lilikuwa moja tu. Lifunguliwe, aambiwe kwa nini lilikosa nguvu.

Sasa Fundi anajua kwa nini.

Gia boksi ya gari hili haina meno kama za zamani. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na mkanda huo una mafuta yake maalumu, ya kijani. Ukiweka mekundu, yale ya gia boksi za kawaida, mkanda unateleza. Hautelezi siku ya kwanza. Unateleza kidogo kidogo, unapata moto, unajila wenyewe, mpaka siku ile unayohitaji nguvu kuliko siku zote. Unakanyaga, injini inalia, gari haliendi.

Fundi alichovya kidole kwenye beseni, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Wekundu ulikuwa umeungua pembeni, na katikati yake chembe za chuma zilimetameta.

Lingekuwa kosa la gereji nyingine, angetoka pale chini akiwa na jibu la mjane na moyo mweupe. Lakini kwenye ubao wa mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko cha huduma ya mwisho. Tarehe yake ilikuwa siku ishirini na mbili kabla ya ajali. Mhuri ulikuwa wa gereji yao.

"Chapchap," aliita.

Mdogo wake alikuwa upande wa pili, anasugua plagi kwa brashi ya waya. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa anamaliza kazi kabla wao hawajamaliza soda. Wengine hulitamka kwa sifa, wengine kwa wasiwasi.

"Njoo uone."

Chapchap alichuchumaa kando ya beseni. Uso ulimbadilika kabla hajasema neno.

"Nani kaweka haya?" Fundi aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Anayefanya kazi kwa kukimbia hapa ni nani?"

"Dada, usinianze."

"Mtu amekufa, Chapchap. Nani kaweka haya?"

Chapchap aliinuka, akaingia ofisini, akarudi na faili la karatasi za kazi. Alilifungua juu ya boneti lililokunjamana, akaweka kidole kwenye tarehe.

"Siku hiyo sikuwepo," alisema. "Nilikuwa mahakamani, ile kesi ya pikipiki. Wewe mwenyewe ulinichagulia shati."

Fundi alikumbuka shati. Akakumbuka na mengine. Siku hiyo yeye alikuwa hospitali na mwanawe, kifua kimembana tangu alfajiri. Walifungua gereji, wakaiacha, wote wawili.

Wakageuka kwa pamoja.

Chini ya paa la mabati, kwenye benchi lake la miaka yote, Mzee alikuwa akichambua nati zilizochanganyika. Anaichukua moja, anaizungusha kati ya vidole, anaitupa kwenye kopo lake. Hakuwa akizitazama. Watoto wake walikuwa wameliona hilo kila siku kwa muda mrefu, na kila siku waliliita uzoefu.

Fundi aliingia stoo, akatoka na vitambaa viwili vyeupe. Kimoja alikichovya kwenye ndoo ya mafuta mapya ya kijani. Cha pili akakichovya kwenye beseni. Akaenda navyo mpaka kwenye benchi.

"Baba, nisaidie. Kipi kati ya hivi ni mafuta ya kijipu?"

Kijipu ndivyo mafundi wanavyoliita gari la aina hii, dogo, la familia, lililoinuliwa kidogo ili lifanane na jipu la porini. Na kwa jinsi linavyouma mfuko, wanalimaanisha na lile jipu jingine pia.

Mzee alivisogeza puani. "Hiki kimeungua."

"Sikuulizi harufu, baba. Nakuuliza rangi."

Mzee alivinyanyua vitambaa kuelekea kwenye mwanga, kimoja kila mkono, akakaa navyo hivyo muda mrefu kuliko inavyomlazimu mtu mwenye macho. Kisha akasukuma mbele mkono wa kulia.

"Hiki ndicho cha kijani."

Kilikuwa chekundu kama kidonda.

Chapchap aliketi chini, juu ya sakafu yenye grisi, na suruali yake ya kwendea mjini. Ukimya wao ndio uliomjulisha Mzee.

"Nimekosea," alisema. Haikuwa swali.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka juzi. Ilianza kama moshi. Nikadhani ni moshi kweli, si tunaishi ndani ya moshi hapa." Alivikunja vitambaa taratibu, akaviweka magotini. "Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akataka nilale hospitali wapasue."

"Ukakataa."

"Nikasema nitarudi."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngenitafutia kiti kizuri nikae kivulini. Nimekaa nikaona wenzangu wanavyokalishwa. Hawamalizi mwaka." Alipapasa benchi mpaka akaufikia mkono wa binti yake. "Na nilikuwa sikosei. Ndoo zinafanana, lakini nilizijua kwa kuhesabu. Ukiingia stoo, ya kwanza ni nyekundu, ya pili ni ya kijani. Gari la nani hili? Nimekosea gari la nani?"

Fundi aligeuka, akatazama mlango wa stoo.

Siku mbili kabla ya tarehe ile alikuwa amefagia stoo. Alikuwa ameziondoa ndoo zote, akapiga deki, akazirudisha. Hakuzirudisha kwa mpangilio. Kwa nini azirudishe kwa mpangilio, wakati kila ndoo ina maandishi makubwa ubavuni?

Hilo hakulisema. Alisema tu, "La mpima ardhi, baba. Yule aliyefariki."

Mzee aliuachia mkono wake.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Mjane alikuwa ameahidi kufika saa nane kuchukua ripoti.

Chapchap alimvuta dada yake mpaka nyuma ya mashine ya kukazia matairi, mahali ambapo Mzee asingewasikia.

"Andika ugonjwa wa kawaida," alisema.

"Ugonjwa gani?"

"Dada, nani hajui magonjwa ya kijipu? Ukilinunua limetumika, mwezi wa kwanza ni bushi za mbele, hizo ni bei ya viatu vya shule. Unatulia. Inakuja beringi ya gurudumu, hiyo ni kodi ya chumba. Koili moja inakufa, unabadilisha, ya pili inamfuata mwenzake. Feni ya rejeta. Raba za kushikilia injini. Halafu siku moja inakuja gia boksi, na hapo mtu anatukalisha chini anauliza kama hatuna mnunuzi wa gari zima. Kila fundi anajua, kila bima inajua. Andika gia boksi ilichoka, ni ugonjwa wa kawaida wa gari la aina hii. Sio uongo. Si imechoka?"

"Imechoka kwa sababu yetu."

"Nani atajua? Mafuta yameshamwagika. Mama wa watu anapata karatasi yake, Mzee analala kitandani kwake. Au unataka alale wapi, na umri ule, na macho yale?"

Kabla hujamhukumu Fundi, msomaji, kaa kwanza pale alipokaa. Chini ya lile bati wanakula watu tisa. Baba anakaribia miaka sabini na mitano. Na kweli ile ripoti ingemsaidia mjane kama ambavyo ukweli mzima ungemsaidia. Ndivyo alivyojiambia wakati ananawa mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili, mpaka kwenye viwiko.

Aliketi ofisini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Akapiga mhuri.

Mjane alifika kwa miguu, saa nane kasoro dakika chache. Mkono wa kushoto ulikuwa bado kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kanga. Alikataa kiti. Alisimama kando ya lile gari, upande wa dereva, kama mtu anayemsubiri mwenzake ashuke.

"Fundi, nisamehe nina haraka," alisema. "Kikao cha ukoo ni saa kumi. Shemeji ameshawaambia watu kwamba tulikuwa tunagombana ndani ya gari. Kwamba nilikuwa namharakisha, nimechelewa zamu, na kwamba nilimshika usukani. Anasema mwanamke wa namna hiyo hawezi kuachiwa watoto wa marehemu. Watoto wangu wawili, Fundi. Wameshaanza kuzungumza watakaa chumba kipi nyumbani kwake."

"Na mlikuwa mnagombana?" Chapchap aliuliza kwa upole.

"Tulikuwa tunacheka."

Aliitamka kana kwamba ndilo jambo baya kuliko yote.

"Alitoka kulipita lori, njia nyeupe, mbele hakuna mtu. Akakanyaga. Injini ikapiga kelele kubwa na gari likabaki pale pale, ubavuni mwa lori. Akaniambia, 'Haliendi.' Neno lake la mwisho ndilo hilo. Haliendi. Kisha likatokea basi."

Fundi alimpa karatasi.

Mjane aliisoma akiwa amesimama. Akairudia. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu alipoingia, yalishuka.

"Kumbe ni gari," alisema. "Sio yeye. Wala sio mimi."

"Ni gari," alisema Fundi.

Mjane alimshika mkono, akaukaza. Kiganja chake kilikuwa kikavu kwa kunawa dawa miaka mingi. Chapchap aligeuka, akajifanya anatafuta spana.

Laiti angeondoka wakati ule, hadithi yetu ingekwenda njia nyingine kabisa. Lakini mkunga hana mazoea ya kupokea karatasi bila kuuliza.

"Hii gia boksi mpya inauzwaje?" aliuliza.

"Mpya haipatikani kirahisi. Iliyotumika, na kazi ya kuifunga, ni kama theluthi ya bei mliyonunulia gari."

"Theluthi." Mjane alifikiri. "Na ugonjwa huu unaonekana mapema? Mkilihudumia gari, mnauona?"

"Mara nyingi," alisema Fundi, na akajua palepale kwamba amekanyaga pabaya.

"Basi mlimwambia."

Fundi aliinamisha macho kwenye mhuri wa ile karatasi.

"Siku aliyolitoa hapa alirudi kimya. Nikamuuliza, gari limesemaje? Akasema safi. Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Nikadhani ni uchovu." Mjane aliketi juu ya tairi lililolazwa, taratibu, kama mzee. "Wiki ile ile ndiyo alikuwa amenilipia ada ya chuo. Narudi kusoma, mwaka mmoja, niwe mkufunzi. Kumbe mlimtajia bei ya gia boksi akaona hazitoshi zote mbili. Akachagua ada. Akanificha ili nisiirudishe."

"Mama," alianza Fundi.

"Hapana, usimtetee. Nimeelewa." Aliikunja karatasi mara nne kwa mkono mmoja, akiibana gotini. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulitisha. "Shemeji hajakosea sana, basi. Usukani sikuushika. Lakini ni kwa ajili yangu. Watoto wakikua wakaniuliza baba yao alikufaje, nitawaambia alikufa ili mimi nisome."

Chapchap alimtazama dada yake, akatikisa kichwa mara moja, kwa siri. Alimaanisha: nyamaza. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Sekunde kumi, mjane ainuke, aende zake. Marehemu asingetoka kaburini kusema hakutajiwa bei yoyote.

Fundi alinyoosha mkono.

"Nirudishie hiyo karatasi."

"Kwa nini?"

"Nirudishie, tafadhali."

Aliichukua, akaichana vipande viwili, kisha vinne. Chapchap alifumba macho.

"Hatukumtajia mumeo bei yoyote," Fundi alisema. "Hapakuwa na bei ya kutaja. Gia boksi ilikuwa nzima. Alileta gari zima hapa, na sisi tukaweka mafuta yasiyo yake, na hayo mafuta ndiyo yaliyoiua. Hakukuficha kitu. Akisema gari safi, alikuwa anakuambia alichoambiwa."

Mjane hakupiga kelele wala hakulia. Alimtazama Fundi usoni jinsi watu wa kazi yake wanavyomtazama mtoto aliyezaliwa kimya, wakingoja ishara.

"Nani aliweka?"

"Mimi nilizihamisha ndoo stoo, nikazirudisha ovyo."

Chapchap alifumbua macho. Hilo lilikuwa geni kwake.

"Sikukuuliza nani alizihamisha," alisema mjane. "Nani aliweka?"

"Ni mimi, mwanangu."

Mzee alikuwa amekuja akilipapasa gari, kutoka taa ya nyuma mpaka mlango wa dereva. Alisimama hapo, mkono juu ya bati lililokunjika.

"Sioni," alisema. "Nimekaa miaka miwili sioni na sikumwambia mtu. Mafuta niliyamimina mimi."

Akaanza kupiga magoti. Goti moja likagusa sakafu.

"Usipige magoti," alisema mjane. "Usinifanye nikuinue, Mzee. Nina mkono mmoja."

Chapchap alimwinua baba yake.

"Unajua kwa nini alikuwa analileta gari hapa?" mjane alimwambia Mzee. "Ziko gereji mbili karibu na nyumbani kuliko hii. Alikuwa akisema, 'Yule Mzee anaisikiliza injini kama wewe unavyosikiliza moyo wa mtoto tumboni.' Alikuwa anakusifu mezani, mbele ya watoto. Wangu mdogo anasema akikua atakuja kufanya kazi kwako."

Mzee aliushika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Andika upya," mjane alimwambia Fundi. "Andika yote. Rangi, ndoo, stoo, macho. Na yeye asaini."

"Dada," Chapchap alisema, "polisi watakuja hapa kabla ya jioni. Unajua?"

"Najua," alisema Fundi.

"Watamchukua."

"Waje wanichukue," alisema Mzee. "Nipe kalamu."

Fundi aliandika. Safari hii mwandiko haukuwa mzuri, na kurasa zilifika mbili. Hakuruka kitu, hata siku ya deki. Alipomaliza alimsomea Mzee kwa sauti, mstari kwa mstari, na Mzee akaitikia kila mstari kwa kichwa. Chapchap ndiye aliyeweka kidole kwenye karatasi ili baba yake ajue pa kusaini. Saini ikapita juu ya ukucha wake.

Mjane aliziweka karatasi ndani ya kanga iliyobeba mkono wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

"Sijui kama nitawasamehe," alisema. "Msikae mkinisubiri."

Akaelekea mlangoni. Alifika kwenye kizingiti cha chuma, akasimama. Alipogeuka, sura yake ilikuwa nyingine. Mfiwa alikuwa amekaa pembeni kidogo, na mbele yao alisimama mtu wa kazi.

"Mzee. Siku ile ulihudumia magari mangapi?"

"Sikumbuki vizuri, mwanangu. Nilikuwa peke yangu."

"Kumbuka. Kwetu wodini dawa ikikosewa kwa mgonjwa mmoja, hatuanzi na kulia. Tunatafuta kwanza nani mwingine amechomwa kutoka chupa ile ile."

Fundi aligeuka kumtazama Chapchap. Walikuwa wameshinda hapo mchana kutwa na swali hilo hawakuliuliza hata mmoja.

Mzee aliinua uso kuelekea kwenye mwanga asiouona.

"Alikuja mwingine," alisema polepole. "Nilikuwa nimeshafunga kisanduku cha spana. Mwanamke. Alikuwa na mtoto wa kike, anaongea bila kupumzika. Niligusa taa za mbele nikajua ni kijipu kingine. Nikafurahi, nikasema kazi rahisi, ndoo iko wazi tayari."

Chapchap alikuwa ameshalishika faili. Alipekua karatasi za tarehe ile, akatupa moja, akatupa ya pili. Ya tatu ilikuwa na mwandiko wa Mzee, herufi kubwa zinazopanda na kushuka nje ya mistari, hata jina halikusomeka. Kilichosomeka ni kwamba mteja ana saluni, na namba ya simu, ambayo mteja aliiandika mwenyewe.

Zilikuwa zimepita siku hamsini na saba. Gari la mpima ardhi lilikaa ishirini na mbili.

Fundi alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika.

Alipiga tena, safari hii kwa spika. Mjane alikuwa amerudi ndani, amesimama begani kwake, anahesabu milio kwa midomo.

Ikapokelewa.

"Shikamoo," ilisema sauti ya mtoto.

"Marahaba, mama. Mama yako yupo?"

"Yupo. Anaendesha. Tunaenda kwa bibi."

"Nisikilize vizuri. Mimi ni fundi wa gereji. Mwambie mama asogee pembeni, asimamishe gari. Sasa hivi."

Walisikia mtoto akisema, na mwanamke akijibu kitu kwa mbali. Nyuma ya sauti zote mbili kulikuwa na mlio mwembamba, mrefu, unaopanda. Mzee aliusikia kabla ya wote. Aliinamisha kichwa kuelekea kwenye simu.

"Huo ni mkanda," alisema.

"Fundi?" Mtoto alikuwa amerudi kwenye simu, sauti yake imechangamka. "Mama anasema afadhali umepiga. Gari linapiga kelele tangu asubuhi. Anasema hapa hawezi kusimama, tuko ubavuni mwa lori refu, na kuna gari linakuja mbele. Anauliza, akanyage zaidi, au aachie?"

Fundi alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameushika mkono wa binti yake kwa nguvu zote, midomo inacheza, jibu halijatoka.

"Fundi," ilisema sauti ya mtoto, safari hii bila uchangamfu. "Mama anasema haliendi."